Kaka yako haachi dawa za presha kwa ukaidi: jibu refu kwa mleta mada

Mleta mada, umesema kaka yako aligundulika ana presha, akaandikiwa dawa, na sasa anameza wiki mbili anaacha, anaanza tena, anaacha. Kila ukimsema anakujibu "nitaanza mwezi ujao." Ukauliza: mtu ameshaambiwa habari za kiharusi, dawa zipo, kwa nini hataki kuzimeza? Wachangiaji wengi wamekujibu kwamba ni ukaidi, wengine wamesema ni kukosa elimu. Mimi nina jibu tofauti. Nimeishi na ugonjwa huu nikiwa kibarua wa kulipwa kwa siku, na sasa ninaishi nao nikiwa na ajira ya kudumu, kwa hiyo pande zote mbili nazijua kwa mwili wangu.

Nilipokuwa kibarua, kadi yangu ya kliniki ilijaa namba za kutisha. Nilipopata ajira yenye mshahara wa mwezi, bima na ruhusa ya ugonjwa, presha ilitulia ndani ya miezi michache na daktari akanisifu kwa nidhamu. Nidhamu yangu ilikuwa ile ile. Akili ni hii hii, hata moja ya dawa zangu ni ile ile niliyoanza nayo. Kilichobadilika ni mkataba wa kazi. Ndiyo maana nikisoma maneno kama "wagonjwa wa presha hawajipendi" roho inaniuma, maana najua yanasemwa na watu wema ambao hawajawahi kuyapigia hesabu maisha ya kulipwa kwa siku.

Kwanza ujue kwamba presha haiumi. Mtu anaweza kuwa na 170 kwa 100 na akabeba mizigo siku nzima, akacheka na wenzake, akalala vizuri. Dawa nayo haimpi nafuu anayoihisi, na mara nyingine inamletea usumbufu ambao hakuwa nao. Faida yake ni kiharusi ambacho hakikutokea na figo ambazo hazikufa. Mtu mwenye uhakika wa mwezi ujao anaweza kulipia faida ya namna hiyo bila kuwaza sana. Anayelipwa leo ale leo, kila senti yake ina mdai: kodi ya nyumba, ada ya mtoto, deni la juzi. Wadai hao wanapiga kelele, presha imenyamaza. Basi inaahirishwa yenyewe.

Halafu kuna hesabu ambayo watu wengi wanaikosea. Wanadhani tatizo ni bei ya kidonge. Dawa kuu za presha ni za miaka mingi, haki za ugunduzi zimeshakwisha muda wake, na viwanda vingi vinazitengeneza: amlodipini, haidroklorothiazidi, enalaprili, losartani. Kidonge kimoja kimoja mara nyingi si ghali. Lakini mgonjwa hanunui kidonge peke yake, ananunua siku nzima ya kliniki. Kuna nauli ya kwenda na kurudi. Kuna foleni ya kufungua kadi, foleni ya kipimo, foleni ya daktari, foleni ya dirisha la dawa. Juu ya yote kuna ujira wa siku hiyo, ambao kwa kibarua umepotea wote, kwa sababu asiyefika kazini halipwi. Akikosa kufika mara mbili tatu, nafasi yake inapewa mwingine. Na akifika dirishani anaweza kuambiwa dawa moja imekwisha, akanunue nje. Mfanyakazi wa ofisini mwenye ugonjwa ule ule anaaga kwa saa mbili, anarudi mezani kwake, na mshahara wake haujaguswa. Wote wawili wameandikiwa dawa za mwezi mmoja. Kwa mmoja hiyo ni karatasi tu, kwa mwingine ni adhabu ya mara 12 kwa mwaka.

Katika yote niliyopitia, hakuna ushauri wala onyo lililonisaidia kama siku nilipoandikiwa dawa za miezi mitatu kwa mkupuo. Bado nilikuwa kibarua wakati huo. Tabibu mmoja wa kliniki aliniuliza nafanya kazi gani, nikamweleza, akatazama kadi akaandika miezi mitatu. Hakunihutubia. Kipindi hicho sikukatisha dawa. Kisha akahamishwa, aliyemfuata akarudisha utaratibu wa mwezi mmoja, na mimi nikarudi kwenye kumeza kwa vipande. Mtu ni yule yule, ugonjwa ni ule ule, kilichobadilika ni idadi ya vidonge kwenye bahasha.

Sasa nije kwenye kipimo chenyewe, maana hata hapo kuna upande unaoumia zaidi. Ili kipimo cha presha kiaminike, mtu anatakiwa apumzike kama dakika tano akiwa amekaa, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, na asiwe amebanwa na mkojo. Mkanda wa mashine nao ulingane na unene wa mkono wake, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Fikiria mtu aliyetoka usiku wa manane akiwahi foleni, ametembea kuokoa nauli, anaogopa kwenda chooni asije akapitwa na zamu yake, na amegombana na mtu aliyemruka kwenye mstari. Anaitwa, anakaa, anafungwa mkanda papo hapo huku wengine arobaini wakisubiri. Namba itakayotoka hapo itakuwa juu kuliko presha yake ya kweli, na juu ya namba hiyo ataongezewa dawa. Mwenye uwezo ana mashine nyumbani, anapima asubuhi kabla ya kula na jioni, anampelekea daktari orodha ya wiki nzima. Wote wawili wanahesabiwa ni "wagonjwa wa presha", lakini matibabu yao yamejengwa juu ya taarifa za viwango tofauti kabisa.

Kuna jambo la kazi ambalo sijaona mtu analigusa kwenye uzi huu, nalo ni choo. Dawa za kukojosha, kama ile haidroklorothiazidi, ni miongoni mwa dawa bora za presha, zimejaribiwa miaka mingi na ni rahisi kupatikana. Lakini mtu anayeendesha chombo cha abiria, anayesimama kwenye mashine ya kiwandani, anayelinda geti peke yake, anayeuza barabarani, ataenda wapi kila baada ya muda mfupi? Nimefanya kazi mahali ambapo msimamizi alihesabu safari zetu za chooni. Nilichofanya ndicho wenzangu walichofanya: siku za kazi hatumezi, siku za mapumziko tunameza. Kwenye kadi hilo linaonekana kama kutojali. Nikiwa pale kazini lilikuwa suala la kubaki na ajira. Kwa mwanamke ni zito zaidi, kwani yeye hawezi kusimama pembeni popote.

Madhara ya dawa nayo hayagawanyiki sawa. Amlodipini inaweza kuvimbisha miguu, na anayesimama kwa muda wa saa kumi huisikia kuliko anayekaa kitini. Enalaprili na jamii yake huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha, na mpishi au mlezi wa watoto anayekohoa mfululizo huanza kutazamwa vibaya kazini. Tiba ya mambo haya ipo. Miguu ikivimba dozi inaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa, kikohozi kikizidi mara nyingi losartani inachukua nafasi. Ila kubadilishiwa maana yake ni kurudi kliniki, yaani kununua siku nyingine nzima. Mwenye simu ya daktari wake anauliza jioni, kesho ana dawa mpya. Asiye nayo anaacha dawa inayomsumbua, na anasubiri tarehe ya kwenye kadi.

Niongeze na dawa za maumivu. Kazi ngumu huumiza mgongo na magoti, kwa hiyo wengi wetu tulikuwa tunaishi kwa ibuprofeni na diklofenaki ili tuamke kesho yake. Dawa hizo hupandisha presha na hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, na zikichanganywa na dawa ya kukojosha pamoja na enalaprili au losartani zinaweza kuumiza figo. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ninazitumia, nami sikujua kwamba ni habari ya kumwambia daktari. Kama kaka yako anafanya kazi ya nguvu, muulize hili kabla ya mengine yote.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona ni la hatari kuliko yote. Ni aibu. Mgonjwa aliyekosa hela ya dawa mwezi huu anajua akienda kliniki atasemwa mbele za watu: "Wewe baba, unataka kufa? Utawaachia nani watoto?" Basi anachagua moja kati ya mawili. Haendi kabisa, na hapo ndipo anapopotea kwenye vitabu. Au anaenda na kusema "nameza kila siku." Daktari anatazama namba, iko juu, anaamini dawa haitoshi, anaongeza ya pili, halafu ya tatu. Dawa nyingi zinaandikwa kwa mtu ambaye hakuwa anameza hata ile ya kwanza. Siku akipata hela akazinunua zote na kuzimeza kwa pamoja kama zilivyoandikwa, presha inaweza kushuka mno, akasimama akaanguka. Anapopata fahamu ana hakika moja tu, kwamba dawa za presha zinaua. Niliwahi kufanya kazi na mtu aliyepitia hivyo, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumrudisha kwenye tiba. Ukifuatilia mwanzo wake, hakudanganya kwa sababu ni mwongo. Alidanganya kwa sababu mtu wa hali ya chini akisema "sikuwa na hela" hujibiwa kama mtu aliyesema "sikutaka."

Haya siyo mawazo yangu peke yangu. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, kwa wastani ni kama nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa ya muda mrefu wanaofuata matibabu ipasavyo, na katika nchi maskini hali ni mbaya zaidi. Makadirio ya shirika hilo hilo kwa mwaka 2019 yalikuwa watu wazima wapatao bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 wenye presha, theluthi mbili wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na ni kama mmoja kati ya watano tu ambaye presha yake imedhibitiwa. Kama chanzo kingekuwa ukaidi, basi tungelazimika kuamini kwamba wanne kati ya kila watu watano wenye presha duniani ni wakaidi. Mimi siamini.

Kinachonipa nguvu ni kwamba mazingira yakibadilishwa, watu wale wale hubadilika. Marekani kulikuwa na jaribio kubwa la bima lililofanywa na taasisi ya utafiti ya RAND kati ya 1974 na 1982. Familia ziligawiwa kwa bahati nasibu, nyingine zikatibiwa bure, nyingine zikachangia gharama. Kwa watu wengi afya haikutofautiana sana, lakini maskini wenye presha waliotibiwa bure presha yao ilidhibitiwa vizuri zaidi. Los Angeles, katika utafiti uliochapishwa 2018, wafamasia waliwafuata wanaume weusi kwenye saluni 52 za kunyolea walizozizoea, wakawapima na kuwaandikia dawa hapo hapo kwa makubaliano na madaktari wao. Baada ya miezi sita namba ya juu ya presha (ile inayotajwa kwanza, kama 170 kwenye 170 kwa 100) ilishuka kwa wastani wa 27, wakati wenzao ambao vinyozi waliwahimiza tu waende kwa daktari ilishuka kwa 9.3. Tazama tofauti kati ya kumhimiza mtu na kumpelekea huduma alipo.

Kuna utafiti mwingine wa Colombia na Malaysia, uliotolewa 2019. Jamii 30 zilishiriki. Wahudumu wa afya wasio madaktari waliwatembelea wagonjwa, dawa zilitolewa bure, na kila mgonjwa alichagua ndugu au rafiki wa kumsaidia. Mwaka ulipoisha, asilimia 69 ya waliopata huduma hiyo namba yao ya juu ilikuwa chini ya 140, na kwa wale walioendelea na huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 30. Sehemu ya ndugu wa kumsaidia ndiyo ninayotaka uishike, kwa sababu ndiyo uliyo nayo mkononi.

Kwa wale waliosema ni elimu: sikatai kwamba mtu anayejua kwa nini anameza dawa humeza vizuri zaidi. Asiyejua kusoma anaachiwa maelezo ya karatasi, na kiwanda kikibadilika, kidonge cheupe kinakuwa cha pinki bila mtu kumweleza, akadhani ni dawa nyingine na kumeza vyote viwili. Huo ni upungufu wa maelezo na unatibika. Lakini mimi nilikuwa nasoma, nilijua maana ya kiharusi, na bado nilikatisha. Elimu hainunui nauli.

Ndani ya nyumba nako kuna ngazi. Nimeona wazee wawili wenye presha wakigawana pakiti moja, na mke ndiye anayejipunja kwa sababu "mzee ndiye anayetafuta." Nimeona mama anayelazimika kuomba hela ya dawa kila mwezi kwa mtu anayemuuliza "si ulinunua juzi?" Mtu anayeomba hela ya uhai wake kila mwezi hufika mahali akachoka kuomba. Ukiwa na mama au dada mwenye presha, mpe hela hiyo bila kungoja aombe.

Turudi kwa kaka yako. Usianze kwa kumuuliza kwa nini hamezi dawa. Mwulize siku ya kliniki inamgharimu nini, bosi wake anasemaje akiaga, na zile dawa zinamfanyaje mwilini. Mwulize kama kazini kuna choo. Majibu yake yatakuonyesha pa kushika. Kama ni safari, nenda ukamwombee dawa za miezi miwili au mitatu pale presha yake ikishatulia. Madaktari wengine hukubali ukieleza hali ya kazi. Kama ni wingi wa vidonge, aulizie kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani. Vidonge vya namna hiyo vya presha viliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, na dawa mbili kwa dozi ndogo mara nyingi hushusha presha kuliko kuongeza dozi ya moja. Kama anafanya kazi za zamu, asilazimishe asubuhi. Utafiti wa Uingereza wa watu zaidi ya 21,000 uliotolewa 2022 ulionyesha kwamba kumeza asubuhi au jioni hakukuleta tofauti kwa mshtuko wa moyo wala kiharusi. Ameze saa anayoikumbuka na ambayo choo kiko karibu, ila kwa dawa ya kukojosha ajue kwamba akiimeza usiku itamwamsha.

Ukiweza, nendeni wote wawili kliniki, na wewe ndiye useme ukweli kwa niaba yake: amekuwa akiruka dozi, sababu ni hizi, tunaomba mpango anaoumudu. Ndugu akisema, mgonjwa hasemwi sana. Mpelekeeni daktari orodha ya dawa zote, pamoja na za maumivu. Kama uwezo ukiruhusu nunueni mashine ya kupimia presha, ile inayofungwa mkononi juu ya kiwiko, itumiwe na familia nzima, apime akiwa ametulia, aandike.

Na kwa sasa, kama ana dawa nyumbani alizoandikiwa zamani na hajazimeza muda mrefu, asizianze zote kwa mpigo kabla ya kupimwa. Kama kati yake kuna atenololi, propranololi au klonidini na bado anazimeza, asiziache ghafla hata kama hela imeisha, kwani presha inaweza kuruka juu au moyo ukasumbuka. Hizo ndizo za kukopa hela kwanza ukishindwa zote. Uso ukipinda ghafla, mkono au mguu upande mmoja ukikosa nguvu, au maneno yakikataa kutoka, msisubiri apumzike, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Ukishazungumza naye rudi uandike sababu alizokupa, tusaidiane kupanga lipi litatuliwe kwanza.